Kipimo kipya kisipimwe kwa rula ya zamani: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi nimedunga tuberkulini, yaani protini za kimelea cha kifua kikuu (TB), ndani ya ngozi ya mkono ili kujua kama mtu ameambukizwa, kisha nikamsubiri mtu arudi baada ya saa 48 hadi 72 nimpapase na kumpima kwa rula. Kipimo hiki husomwa kwa vidole. Wekundu hauhesabiki, kinachohesabika ni ugumu ulio chini ya ngozi. Nakuandikia kwa sababu ya swali ambalo wazazi huniuliza kila mara: huu uvimbe wa mwanangu ni TB, au ni ile chanjo?

Sina jibu la kuwaridhisha, na kosa si la vidole vyangu. Robert Koch alitangaza tuberkulini mwaka 1890 akitumaini ni dawa. Haikuponya mtu, ila ngozi ya aliyeambukizwa iliitikia. Mwaka 1908 Charles Mantoux akaeleza namna ya kuidunga ndani ya ngozi, na baadaye Florence Seibert akaisafisha. Pamoja na kusafishwa, imebaki mchanganyiko wa protini nyingi, na nyingi kati yake zimo pia katika BCG, chanjo ya TB, na katika bakteria wa jamii moja na kimelea cha TB wanaoishi majini na udongoni. Mkono unavimba bila kusema umemtambua nani.

Ndiyo maana nilizipokea kwa furaha habari za ESAT-6 na CFP-10, protini mbili za kimelea cha TB. Wanasayansi Calmette na Guérin, waliotengeneza BCG, walikikuza kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe maabara kwa miaka 13 mpaka kikalegea kikawa chanjo, na katika safari hiyo kikapoteza kipande cha jeni zinazotengeneza protini hizo mbili. Mtu aliyechanjwa tu, akidungwa protini hizo, ngozi yake haina cha kukumbuka. Bado wapo bakteria wachache wengine walio nazo, kama Mycobacterium kansasii, lakini hatua iliyopigwa ni kubwa. Mwaka 2022 shirika lako lilipendekeza vipimo vya ngozi vya aina hii. Kwa kliniki isiyo na maabara ya kupima damu, huo ni msaada wa kweli.

Wasiwasi wangu uko kwenye njia ya kuzipima protini hizi, na zile zitakazofuata. Kwa kawaida protini hujaribiwa kwa simbilisi, kisha kwa watu wazima wenye afya na kwa wagonjwa waliothibitishwa kuwa na TB. Mwishoni matokeo hulinganishwa na tuberkulini. Mheshimiwa, hakuna kipimo chochote leo kinachothibitisha maambukizi yaliyojificha bila shaka. Tukikisifu kipimo kipya kwa kuwa kinakubaliana na cha zamani, tunakisifu kwa kufanana na kile tunachotaka kukiacha. Na mgonjwa anayekohoa si sawa na mtu anayebeba kimelea kilicholala. Wapo hata wagonjwa mahututi ambao ngozi yao haiitikii kabisa.

Ninachoomba ni watu wafuatiliwe. Hatari ya kuugua huwa kubwa zaidi katika miaka 2 ya mwanzo baada ya kuambukizwa, kwa hiyo waliodungwa wafuatwe angalau kwa muda huo, tuone nani aliugua na mkono wake ulisema nini. Wengi wenye majibu chanya hawataugua maisha yao yote, na leo tunawapa dawa za kinga kwa miezi bila kuweza kuwatenga na watakaougua. Protini itakayotusaidia kuwatambua hao ndiyo ya kutafutwa, hata kama haifanani hata kidogo na tuberkulini.

Ufuatiliaji huo usiwaache nyuma watoto wa chini ya miaka 5, wanaoishi na VVU na wenye utapiamlo. Hao ndio huugua haraka, na ni haohao ambao ngozi yao hunyamaza. Nimewahi kuandika "milimita 0" kwa mtoto aliyelala chumba kimoja na mgonjwa, nikijua moyoni kwamba sifuri ile haimaanishi kitu. Protini isiyojaribiwa kwa mtoto kama huyo haijajaribiwa pale inapohitajika.

Kuna pia suala la usomaji, ambalo ni la kwetu wauguzi. Katika vipimo vipya, kimoja kinataka uvimbe mgumu wa milimita 5, kingine kinahesabu uvimbe wowote kuwa chanya, na kingine kinahesabu hata wekundu. Watafiti watakiwe kuchapisha milimita walizosoma kwa kila mtu, si neno chanya au hasi peke yake, ili mipaka hiyo iweze kulinganishwa.

Nitashukuru ukinijibu hadharani, kwa kuwa wazazi wanaoniuliza nao wanasubiri.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu