RISALA YA WAKULIMA WA PAMBA KWA MGENI RASMI KUTOKA HAZINA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Usukumani. Tumesikia kwamba kabla ya kuitwa Hazina ulikuwa mkurugenzi wa kampuni. Njia hiyo kwetu si ngeni. Paul Bomani alitoka kwenye pamba hii hii: alikuwa karani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, akawaunganisha wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani, na vyama vilipoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, yeye ndiye akawa meneja mkuu. Mwaka 1962 akakabidhiwa Wizara ya Fedha, Mwafrika wa kwanza kuishika, hadi 1965. Wazee wetu husema ni wao waliomtuma huko.

Mheshimiwa, chama kimepiga hatua kubwa. Tuna wanachama 214, mizani mbili za kidijitali, pikipiki moja (inawaka) na viti 40 vya plastiki. Hicho ulichokalia, tusikufiche, tumeazima parokiani.

Sasa ghala. Hatuna. Pamba tunailaza kwenye fremu mbili za kupanga, na inayozidi tunaifunika turubai nje. Gari la kiwanda likichelewa, mvua ikapita, pamba safi inageuka fifi, yaani pamba ya daraja la chini, na mkulima aliyeichuma kwa mkono analipwa bei ya fifi. Kodi ya fremu nayo inakatwa kwenye ushuru wa chama, ule ule ambao ungejenga ghala.

Mgeni rasmi wa 2018 alituahidi mabati. Wa 2021 aliweka jiwe la msingi, tukapiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Jiwe lipo. Hulala mbuzi, ila tunalifagia kila anapokuja mgeni. Leo limefagiwa alfajiri. Hatumlaumu mtu. Tunajua viongozi wana majukumu mengi, na simu zao mara nyingi huwa hazipatikani.

Msingi tumemwaga wenyewe, kwa mchango wa shilingi 15,000 kila mwanachama. Tumepungukiwa mabati 180, mifuko 120 ya saruji na milango miwili ya chuma.

Mheshimiwa, ulipokuwa kwenye kampuni, mzigo ulioahidiwa usipofika mara mbili, bila shaka ahadi ya tatu uliidai na tarehe yake. Nasi, kwa unyenyekevu mkubwa, tumechora safu mpya kwenye kitabu cha wageni, pembeni ya saini: “Tarehe ya kuleta.” Kalamu anayo katibu.

Tunaomba kuwasilisha.