Akina mama wanene nasi tuogelee

Mhariri,

Kila Jumapili katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, hapa Mombasa, naona akina mama wameketi mchangani wakilinda viatu vya watoto huku jua likiwachoma. Wengi hawaogopi maji. Wanaogopa macho ya watu: tumbo la uzazi, mapaja, michirizi.

Mimi ni mnene na naogelea. Kilichonisaidia ni kwenda asubuhi mapema, maji yakiwa yamejaa, nikiwa na shoga yangu. Nguo nayo ni muhimu sana. Dera likilowa huwa zito na hujiviringisha miguuni, jambo la hatari. Vazi la kuogelea lenye suruali na mikono mirefu hustiri na halikuvuti chini. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umewafunza wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamejistiri hivyo hivyo.

Wanaowapiga akina mama picha majini na kuzirusha mitandaoni waache, ni ukatili. Nawaomba wanaosimamia fuo za umma waweke mabango ya kukataza jambo hilo, pamoja na vyumba vya kubadilishia nguo vyenye milango ya komeo, karibu na maji.

Mama muogeleaji,
Bamburi, Mombasa