Barua kwa mwanangu: Picha haiangaliwi kimya

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linalotunyanyasa, na baba yako anakusalimu ingawa anasema naandika barua ndefu kwa jambo dogo. Mwache aseme.

Ujumbe wako niliupata siku mliyofika Nairobi. Umeandika kwa adabu, sikukasirika: "Mama, siku nyingine tukienda sinema tujitahidi kutoongea, watu wanalipa ili wasikie." Hili si jambo la kujibu kwa kidole gumba nikiwa kwenye daladala. Nimekaa chini, nimechukua kalamu, na dada yako ataipiga picha karatasi hii akutumie.

Tuanze na kilichotokea. Mjukuu wangu ana miaka sita. Ile katuni ilisema Kiingereza cha puani, tena cha mbio, na mtoto akanivuta kitenge: "Bibi, kwa nini wamemfukuza yule ndege?" Nikamwambia. Akauliza yule mzee mwenye fimbo ni nani, nikamwambia pia. Kijana wa safu ya mbele akageuka na kutufanyia "shhh" kama anafukuza kuku jikoni. Wewe ukazama kwenye kiti. Mimi sikuwa napiga soga wala kusimulia habari za mtaa. Nilikuwa natafsiri, na kazi hiyo katika sinema za nchi hii ina umri mkubwa kuliko huo ukumbi wenye kiyoyozi na kuliko huyo kijana.

Wewe umekua televisheni ipo sebuleni. Sisi wa Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, na ndugu zetu wa huko walituringia vya kutosha. Mtu wa Dar aliyetaka kuona picha alikwenda mjini: Empire, Avalon, Odeon, Empress, Cameo. Mwenye gari, au mwenye ndugu mwenye gari, alikwenda Drive-In ya Msasani. Ukipita leo pale ulipo ubalozi wa Marekani, ule waliojenga baada ya wa zamani kulipuliwa Agosti 1998, ujue unapita uwanja wa sinema. Mjomba wangu alikuwa na pikapu ya kazini. Tulipakiwa nyuma na mikeka, chupa ya chai na sufuria la mihogo, tukageuza tako la gari lielekee kwenye skrini, halafu kile kipaza sauti cha kwenye nguzo kikaning'inizwa ubavuni. Kilikuwa kinakoroma. Nusu ya maneno hatukuyasikia, na hakuna aliyelalamika, maana magari ya jirani yalikuwa yanatusimulia.

Lakini siku yenyewe hasa ilikuwa Jumapili, siku ya picha la Kihindi. Saa tatu nzima, na walanguzi wa tiketi wamejaa nje wanakuuzia kwa bei ya kukukomoa. Bibi yako, mama yangu mzazi, alikuwa mgonjwa wa Raj Kapoor, yule mwigizaji wa Kihindi. Kihindi hajui, Kiingereza hajui, na picha nyingi hazikuwa na maandishi ya chini. Hata yangekuwepo yasingemsaidia kitu. Sasa niambie, alikuwa anaelewaje? Alielewa kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unaongea. Daima palikuwa na mtu nyuma yetu aliyekwisha kuiona Ijumaa: "Huyo polisi ndiye kaka yake, walipotezana kwenye mafuriko, ngoja uone atakavyomtambua kwa ule wimbo." Wimbo ukianza, wanawake wanaimba kwa Kihindi cha kubahatisha, hawakosei hata sauti moja. Adui akinyemelea, watoto wa mbele wanapasua koo: "Nyuma yako! Nyuma yako!" Stelingi akigeuka kwa wakati, ukumbi unajipongeza, kana kwamba ni sisi tuliomwokoa. Na kila mtu alijua stelingi hafi, lakini roho zilikuwa juu vilevile.

Hata mwendesha mashine alikuwa sehemu ya mazungumzo. Binamu yangu mmoja alifanya kazi hiyo, akanionyesha siri yao. Picha haikuja kwenye mkanda mmoja. Ilikuja vipande vipande kwenye makopo ya bati, kila kipande hakizidi kama dakika 20, na chumbani kwake palikuwa na mashine mbili. Kipande kikikaribia kwisha, kona ya juu kulia ya skrini hutokea kidoa cha duara. Ukipepesa jicho umekikosa. Kidoa cha kwanza anawasha mashine ya pili, cha pili anabadilisha. Akichelewa, skrini inabaki nyeupe, na hapo ndipo utasikia miluzi na "Rudisha hela zetu!" Mkanda ukikatika, ni matusi ya mama na baba mpaka aunge. Tangu nionyeshwe kile kidoa sikuweza tena kuacha kukitafuta, na mama alinipiga kikumbo kwa kumwambia "sasa hivi" kila kilipotokea.

Halafu ikafika intavali. Hii ndiyo ninayoililia kuliko zote. Taa zinawaka, watu wanatoka kununua karanga na mishkaki, na pale nje ndipo picha inapopikwa: nani mwongo, nani ataolewa na nani, kwa nini baba mtu ana roho mbaya vile. Mnarudi ndani mna upande. Siku hizi mnakaa saa mbili na nusu bila mapumziko, mwanamke wa umri wangu anabana mkojo huku mtu anarushwa kutoka jengo hadi jengo, na ukitoka kwenda msalani ukirudi dunia imekwisha kuokolewa. Halafu, ajabu, yote yakiisha ndipo mnapokaa! Majina ya mafundi umeme wa Marekani yanapanda mpaka yanaisha, na nyinyi mmetulia mnasubiri kipande cha nusu dakika kinachotangaza picha ijayo. Hiyo si picha, hilo ni tangazo la biashara mnalolipia.

Usidhani kuongea huku kulikufa na majumba yale. Majumba ndiyo yaliyokufa. Mikanda ya video ilipoingia na pesa ilipokauka, yakageuka maduka, makanisa na maghala. Maongezi yalihamia uswahilini, kwenye vibanda umiza. Wewe nilikukataza kuingia, na najua uliingia, kwa hiyo tusidanganyane. Bati juu, turubai jeusi mlangoni, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, televisheni moja na deki, spika kubwa kuliko haja, na nje ubao wa chaki: saa nane picha la Kichina, saa kumi mechi. Humo ndimo zilimozaliwa picha zilizotafsiriwa. Mtu kama Lufufu alichukua picha la mapigano la Hong Kong au la Marekani, akaingiza sauti yake juu ya sauti zao, akawasemea wote, mwanamke, mzee, jambazi sugu na mbwa. Neno kwa neno hakuna. Watafsiri hawa walitia chumvi, walitia methali, walimpa adui jina la mtaani ambalo kila mtu anajua maana yake. Mara nyingine hadithi ya mtafsiri ilikuwa nzuri kuliko ile aliyoikuta.

Na huko uliko si kugeni kwa mambo haya. Muulize kondakta wa matatu habari za DJ Afro, mtafsiri wa picha wa hukohuko Kenya, uone uso wake utakavyofunguka. Kampala wanawaita ma-VJ, wana majina makubwa kama wanamuziki. Siku moja nilisikia redioni kwamba Wajapani, enzi picha hazina sauti, walikuwa na watu wao walioitwa benshi, wanasimama kando ya skrini wanaisimulia na kuwasemea waigizaji, na watu walikata tiketi kumfuata benshi wao. Kwa hiyo yule kijana wa "shhh" ana kesi na Japani pia.

Kuna kuongea ninakokupinga, tena kwa nguvu. Anayepokea simu ukumbini na kusema "niko sinema, sema tu," huyo atolewe. Anayewasha kioo cha simu kuangalia saa, mwanga wake unamwagika safu tatu. Anayekuambia mwisho. Anayekuja dakika ya arobaini na ndoo ya bisi, na bisi zenyewe ni bei ya wali kuku na soda, akataka wote msimame. Tofauti ni hii: huyo wa simu ameondoka, mwili tu ndio umebaki kwenye kiti. Mimi na mjukuu wangu tulikuwemo ndani ya picha mpaka shingoni. Yule ndege alipokubaliwa kurudi kwao, mtoto alipiga makofi. Ukumbi mzima hakuna mwingine aliyepiga. Nikamwonea huruma aliyeitengeneza katuni ile.

Utaniuliza kuhusu bongo muvi, maana najua unazidharau. Mimi siwezi. Watu wanadhani picha zetu zimeanza juzi, kumbe Mzee Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu, alikuwa stelingi wa Muhogo Mchungu huko miaka ya 1950. Babu yako aliiona na alikuwa akimtaja Kawawa kwa jina la picha kuliko la cheo. Na Kanumba, mwigizaji wa hizo bongo muvi, alipofariki Aprili 2012, mtaa wetu ulilia kama umefiwa na mtoto wa nyumba ya pili. Lakini kasoro zao nazijua. Gari linafika getini. Linapiga honi. Mlinzi anatoka, anafungua geti upande mmoja, anafungua upande wa pili. Gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi barazani, anagonga. Halafu aliyemfuata hayupo! Na hadithi ya saa moja na nusu inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ununue diski mbili. Unadhani sebuleni kwetu tulivumilia vipi? Kwa kuongea. Lile gari likianza tu kuingia, baba yako anasema, "Pikeni chai, tutakuta bado anaegesha."

Kunyamaza nako nakujua. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile aliyoitoa kwenye riwaya ya Adam Shafi, iliyopelekwa hadi tamasha la Toronto 2021, mimi niliiangalia sikusema neno. Kiswahili chenyewe, Unguja ya wakati wa Mwingereza, zile nyumba, zile sauti. Hakuna aliyeniambia shhh. Picha yenyewe ilinifunga mdomo, na ilipokwisha nilikaa kitini na kitambaa cha macho. Anayetaka nimnyamazie afanye kazi ya namna hiyo. Akiniletea gari getini nitamjibu.

Sasa tupange. Likizo ya Agosti mimi ndiye nitakayekuja, kwa basi, usininunulie ndege. Mjukuu wangu usimfundishe kukaa kimya kabla sijafika. Siku za wikendi za ukumbi wa Westlands nakuachia na rafiki zako. Nitafutie mahali wanapoonyesha picha za DJ Afro, hata kama ni benchi na turubai, nataka kumsikia nikiwa katikati ya watu wanaomjibu. Kiingilio nitalipa mimi. Na kama kuna mchana wa katikati ya juma ambapo ukumbi mkubwa hauna watu, tunaweza kwenda pia, tukae safu ya nyuma kabisa, mimi, wewe na mtoto katikati. Bisi nitakaanga nyumbani niziingize kwenye mkoba.

Baba yako anauliza kama ile dawa ya goti inapatikana huko kwa bei nafuu. Nijibu na hilo.

Wasalaam,
Mama yako