Pimeni alkali kabla ya kumwaga klorini

Mhariri,

Natunza mabwawa ya kuogelea ya nyumbani hapa Nyali, Mombasa, na ombi langu ni kwa wenye nyumba. Maji yakianza kugeuka kijani, amri huwa ni moja: "Ongeza klorini." Watoto wakitoka na macho mekundu, mfanyakazi hulaumiwa kwamba ameizidisha. Mara nyingi klorini haina kosa. Tatizo ni pH, yaani kipimo cha asidi majini (ikishuka, asidi imezidi), na nyuma ya pH kuna alkali, zile chumvi za majini zinazozuia pH isibadilike, ambayo hakuna aliyeipima.

Nyali imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima vyetu hupita humo yakibeba chokaa, ndiyo maana bwawa lililojazwa maji ya kisima huwa na alkali nyingi. Inatakiwa iwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Si ajabu kuikuta imepita 200. Hapo hata ukimwaga asidi leo pH ishuke, baada ya siku chache imepanda tena. Na pH ikifika 8, ni karibu robo tu ya klorini iliyomo inayoua vijidudu kwa nguvu, kwenye 7.2 ni kama theluthi mbili. Fedha za ndoo nzima zinaishia wapi? Tena ile klorini ya unga yenyewe hupandisha pH.

Tibuni alkali kwanza. Bwawa la lita 50,000 lenye alkali ya 200 huhitaji karibu lita nane za asidi kali ya hidrokloriki ili ishuke hadi 120. Zigawanywe kwa siku kadhaa, pampu ikifanya kazi, na pH isiachwe iende chini ya 7. Kisha elekezeni juu midomo ya mabomba yanayorudisha maji bwawani, uso wa bwawa utibuke. Hewa ya ukaa itatoka na pH itapanda bila alkali kurudi. Kazi hii inataka subira, na hapo ndipo tunapokosana na matajiri wetu, maana wana wageni Jumamosi.

Wanaojaza maji ya mvua wana shida iliyo kinyume: alkali ni haba, pH inayumba, na maji hula saruji iliyo kati ya vigae. Hao watie bikaboneti ya soda, gramu 17 kwa kila lita 1,000, kupandisha alkali kwa miligramu 10 kwa lita.

Jambo linaloniuma zaidi ni usalama. Asidi na klorini huwekwa stoo moja, ilhali zikikutana hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Mtu hutumwa kumimina asidi mikono mitupu, wala hajaambiwa kwamba asidi ndiyo hutiwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Tafadhalini, kabla ya kuagiza ndoo nyingine, nunueni glovu za mpira, miwani ya kukinga macho, na kipimo cha matone chenye chupa ya kupimia alkali, si kile cha klorini na pH pekee.

Mtunza mabwawa,
Nyali, Mombasa