Wafalme walioiachia Roma nchi zao kwa wasia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno kuhusu makala yenu juu ya falme zilizozuka baada ya kifo cha Alexander Mkuu wa Makedonia mwaka 323 KK. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi majemadari wake walivyogombea nchi, Ptolemy akaishika Misri na Seleucus akajitwalia Babeli na mashariki yake, lakini alipofika mwisho aliandika kwamba falme zote hizo Roma iliziteka kwa upanga. Kwa Makedonia sina ubishi, maana jeshi la mfalme Perseus lilivunjwa Pydna mwaka 168 KK na enzi ya nasaba yake ikaishia hapo. Kwa Kirene, na kwa Pergamo na Bithinia zilizokuwa katika Uturuki ya leo, mambo yalikuwa mengine kabisa: wafalme wenyewe waliandika wasia na kuitaja Roma kuwa mrithi.

Wa kwanza tunayemjua kufanya hivyo ni Ptolemy wa Nane, aliyekuwa akitawala Kirene, katika Libya ya leo, huku kaka yake, Ptolemy wa Sita, akitawala Misri. Na ndugu hao hawakupikika chungu kimoja. Mwaka 155 KK wasia wake ulichongwa kwenye jiwe, ambalo lilifukuliwa huko Kirene katika karne ya 20. Humo anawaomba miungu wamsaidie kulipiza kisasi kwa waliomlia njama, wakataka kumnyang'anya ufalme na uhai pia, kisha anatamka kwamba akifa kabla ya kupata warithi, ufalme wake uwe wa Waroma. Mimi nauona wasia huo kuwa hirizi aliyojifunga mfalme mwenye hofu, kwa sababu yeyote aliyewaza kumuua alijua sasa kwamba tunda la mauaji hayo lingeliwa na Mroma. Mwaka uliofuata alifika mbele ya Seneti, baraza kuu la Roma, akawaonyesha makovu ya jaribio la kumuua. Hakuuawa, aliishi hadi mwaka 116 KK, na Misri yenyewe akaipata. Aliyekuja kuiachia Roma Kirene kweli ni mwanawe, Ptolemy Apion, mwaka 96 KK, na Waroma wakakaa miaka ishirini hivi kabla ya kuifanya jimbo.

Pergamo, ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu ya Kitabu cha Ufunuo, ina kisa kizito zaidi. Ufalme huo ulianzia kwenye amana. Mfalme Lysimachus, mmoja wa majemadari wale wa Alexander, alihifadhi talanta 9,000 katika ngome ya mji huo, akamweka towashi Philetaerus kuwa mlinzi. Bwana wake alipoanza kuyumba, mlinzi akahamia upande wa Seleucus, na hazina akabaki nayo. Miaka mia moja na hamsini baadaye, mwaka 133 KK, alifariki Attalus wa Tatu, mfalme ambaye husimuliwa kwamba alipenda kupanda mimea ya sumu bustanini kuliko kuhukumu kesi. Hakuwa na mtoto. Mji wa Pergamo aliuacha huru, na ufalme uliosalia akawaachia Waroma.

Matanga yalikuwa hayajaisha, kule Roma mwanasiasa Tiberius Gracchus akapendekeza fedha za marehemu wapewe raia waliokuwa wakigawiwa mashamba. Huku Pergamo alijitokeza Aristonicus, aliyedai kuwa mwana wa mfalme Eumenes wa Pili, akaukana wasia huo na kukusanya mafukara na watumwa aliowaahidi uhuru. Aliwaita Raia wa Mji wa Jua. Walipigana vikali kiasi kwamba Licinius Crassus, aliyetumwa na Roma akiwa konsuli, yaani mtawala wake mkuu wa mwaka, aliuawa, kabla ya Aristonicus kukamatwa na kunyongwa gerezani Roma. Upanga, basi, ulikuwapo, lakini ulichomolewa baada ya hati kusomwa, na waliokufa ni watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanakubali kurithishwa. Bithinia nayo, iliyoachwa na Nicomedes wa Nne mwaka 74 KK, ilizusha vita kati ya Roma na Mithridates, mfalme wa nchi jirani ya Ponto, vilivyodumu hadi mwaka 63 KK.

Mwandishi wenu ameahidi makala nyingine kuhusu Cleopatra. Nitafurahi akianzia kwa baba yake, Ptolemy wa Kumi na Mbili, aliyefariki mwaka 51 KK. Huyu aliwarithisha ufalme Cleopatra na mdogo wake Cleopatra wa kiume, lakini akawasihi Waroma wahakikishe wasia unatekelezwa, na nakala moja ikapelekwa Roma, ambako iliwekwa mikononi mwa jemadari Pompey. Ni wasia huohuo aliouegemea Caesar alipotia nanga Alexandria mwaka 48 KK na kujifanya mwamuzi wa ugomvi wa ndugu hao wawili.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi