Kibango nyuma ya mlango

Mhariri,

Mwezi Mei, masika yakiwa yamekolea hapa Mombasa, shangazi yangu aliteleza mlangoni mwa duka moja kubwa la kujihudumia. Alikuwa anatoka, mkononi ana unga, mafuta na mche wa sabuni. Vigae vya pale ni vya kung'aa kama kioo, na kila aliyeingia kutoka mvuani alikuwa ameleta maji yake nyayoni. Aliangukia mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Bawabu aliyekuja kumwinua alianza kwa kumuuliza, "Mama, kwani hukuliona bango?" Meneja naye akateremka na chupa ya maji, akampa pole, akasema ajali haina kinga.

Bango lilikuwepo, sikatai. Lilikuwa la manjano, limeegemezwa ukutani mahali ambapo mlango ukifunguliwa unalificha. Dekio nalo lilikuwepo, limesimamishwa kwenye ndoo kavu.

Nilikuwa karani katika ofisi ya wakili miaka mingi kabla sijastaafu, na jambo hili limenikera tangu siku hizo. Watu wetu wakianguka kwenye jengo la mtu huona haya, hujipangusa, hurudi nyumbani wakakandwa. Wachache wanajua kwamba Kenya ina sheria mahususi ya mambo haya, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Inamtaka anayeshika jengo, yaani anayelitumia na kulisimamia, achukue hadhari ya kadiri ili aliyemkaribisha awe salama katika shughuli iliyomleta. Anayeshika si lazima awe mwenye hati ya ardhi. Duka lililopanga ndani ya jengo kubwa hujibu kwa sakafu yake; ngazi na ujia wa watu wote, kama mwenye jengo ndiye anayeviangalia, ni mzigo wake. Sheria inaongeza kuwa atarajie watoto kuwa na hadhari ndogo kuliko watu wazima, na kwamba onyo peke yake halimwokoi ila liwe limetosha kumfanya mtu awe salama kweli. Sasa kibango kilichojificha nyuma ya mlango kimemwonya nani?

Sisemi kila anayeanguka alipwe. Kuteleza si kesi. Lazima mdai aonyeshe kuwa hatari ilikuwepo, kwamba mwenye duka aliijua au ilimpasa aijue, na kwamba hakufanya lile ambalo mtu makini angelifanya. Na akina shangazi wajue kwamba malapa yaliyosagika soli yatatajwa mahakamani, na fidia itapunguzwa kwa kadiri ya uzembe wa mdai mwenyewe. Ni haki. Lakini mwenye duka wa Mombasa hawezi kudai kuwa mvua ya Mei ilimshtukiza.

Kilichonifanya nikuandikie ni bango la pili, lile lililobandikwa juu ya meza ya kulipia: "Menejimenti haitahusika na hasara wala jeraha lolote litakalompata mteja." Tangazo la namna hii siku hizi lipo kila mahali, kuanzia maegesho ya magari hadi viwanja vya watoto kuchezea. Wengi wakilisoma hukata tamaa papo hapo. Ningependa kuwaambia kwamba ni maneno matupu, lakini sitawadanganya. Sura ya 34 yenyewe imeacha mwanya: wajibu upo, isipokuwa pale ambapo mwenye kushika jengo, kwa kadiri alivyo huru kufanya hivyo, ameupunguza au kuuondoa kwa makubaliano "au kwa njia nyingine". Hiyo "njia nyingine" ndipo mabango yanapopenyea.

Maneno hayo tuliyachukua kwenye sheria ya Uingereza ya 1957. Waingereza wenyewe waliona ubaya wake, na mwaka 1977 wakapitisha sheria kwamba biashara haiwezi kutumia tangazo kujivua dhima ya kifo au jeraha lililoletwa na uzembe wake. Sisi tumebaki na mtumba ambao mwenyewe alishautia kiraka.

Mahakama zinaweza kusaidia kidogo. Iko kesi ya zamani ya hoteli moja ya London, iliyoamuliwa 1949, ambapo tangazo la kukana dhima lilikuwa chumbani, na mgeni alilikuta akiwa keshajiandikisha chini. Majaji walisema limechelewa. Kwa kipimo hicho, bango la meza ya kulipia, ambalo mteja hulifikia akiwa keshazunguka duka zima, lina udhaifu wake. Lakini kwa nini mama aliyevunjika mkono ategemee hekima ya wakili wake, wakati Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mtumiaji haki ya kulindiwa afya na usalama? Wabunge wetu wa Pwani walete marekebisho ya Sura ya 34. Sentensi moja inatosha.

Kwa sasa, ukianguka, usiondoke kwa haya. Piga picha ya sakafu kabla haijapigwa deki, na ya bango pale lilipo. Chukua majina na simu za walioona. Dai tukio liandikwe, na uombe kwa barua picha za kamera zihifadhiwe, kwani hufutika baada ya muda. Pitia hospitali siku hiyohiyo. Una miaka 3 ya kufungua kesi, lakini ukiwa unaidai serikali ni miezi 12 tu, na wengi wamekosea hapo.

Shangazi ameshatolewa plasta, ingawa kukuna nazi bado hawezi. Juma lililopita nilipita pale dukani. Kibango cha manjano kimesogezwa mbele, na sasa kuna zulia la mpira mlangoni. Lile la juu ya meza ya kulipia limeandikwa upya, kwa herufi kubwa zaidi.

Karani mstaafu,
Majengo, Mombasa