Mheshimiwa Waziri, tunaomba Mfalme wa Zanj naye achorwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa, nimesomesha skuli za msingi hapa Unguja maisha yangu yote ya kazi. Tangu nistaafu, watoto wa mtaani huja barazani kwangu baada ya alasiri, nikawasomea hadithi. Nakuandikia kwa sababu ya picha mbili, na kwa sababu ya hadithi ya mfalme wa Zanj, kama Waarabu wa kale walivyoiita pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Kitabu kilikuwa cha safari za Sindbad, karatasi yake inang'ara, kimeletwa kwa msaada kutoka nje. Mtoto mmoja, babake mvuvi, akaweka kidole juu ya mchoro wa chombo. "Mwalimu, upepo hapa wavuma kutoka wapi?" Nikatazama vizuri. Tanga limejaa kuelekea mbele, na bendera juu ya mlingoti yapepea kuelekea nyuma. Watoto wa pwani hawapitwi na jambo kama hilo. Tukafunua ukurasa, tukafika safari ya tatu, kwa lile jitu linalobanika mabaharia na kuwala. Lilikuwa jeusi. Binti wa darasa la tatu akakichukua kitabu, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa akitazama nyuso, kisha akaniuliza: "Mwalimu, watu weusi hawakuwamo chomboni?"

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Jibu nimelipata baadaye, na nalileta kwako kwa sababu maktaba za skuli ziko mkononi mwako.

Nisimsingizie mchoraji. Hadithi yenyewe kwa Kiarabu inasema jitu lile lilikuwa jeusi, refu kama mtende, macho yake kama vijinga vya moto. Lakini Alfu Lela Ulela, mkusanyo wa hadithi ambamo Sindbad amewekwa, haikutungwa kwa watoto. Kila anayewasimulia watoto hupunguza: mambo ya vyumbani huyaacha, ukatili huupunguza makali, safari nzima huweza kuiruka. Mwenye kupunguza ana hiari ya nini kibaki. Weusi wa jitu umebaki, na mabaharia weusi hawakutiwa hata mmoja. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu walikuwamo.

Mwaka 1237, Yahya bin Mahmud al-Wasiti alikamilisha nakala ya Maqamat ya al-Hariri, kitabu cha visa vya Kiarabu, kwa mkono wake, akaitia na picha. Nakala hiyo iko maktaba ya taifa ya Ufaransa, Paris. Moja ya picha zake ni chombo kinachokwenda Oman. Abiria wamechungulia kwenye madirisha ya ubavuni, na mabaharia wanaokiendesha wamepakwa rangi nyeusi. Mbao za chombo zimeshonwa kwa kamba, kama mtepe, chombo chetu cha zamani, ulivyoshonwa, na mchoraji amezionyesha nyuzi zenyewe. Chombo cha namna hiyo kiliundwa tena Sur, Oman, kwa kamba za makumbi bila msumari, kikaitwa Sohar, na mwaka 1980 kikatweka Muscat hadi China kuifuata njia ya Sindbad. Basi mtu anayetaka kumchora Sindbad kwa haki ana pa kutazama. Anaweza hata kwenda Nungwi akakaa na mafundi wa majahazi kutwa moja, wakamwonyesha foromali inavyokaa na bendera inavyopepea.

Kuna hadithi nyingine tena, Mheshimiwa, ambayo sijapata kuiona kwenye kitabu cha picha cha mtoto yeyote, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Imo katika Maajabu ya Hindi, kitabu cha Kiarabu cha visa vya mabaharia wa karne ya 10 kinachonasibishwa na nahodha Buzurg bin Shahriyar. Mwaka 310 wa Hijria, yaani 922, chombo kilitoka Oman kwenda Kanbalu, na wataalamu wengi wanaona Kanbalu ni Pemba. Upepo ukakipeleka kusini, mpaka Sofala ya Zanj, iliyoko Msumbiji ya leo. Wafanyabiashara wakadhani wataliwa. Mfalme wa nchi ile, kijana, akawapokea vizuri, wakauza na kununua bila kutozwa kitu. Siku ya kuondoka akapanda chomboni na watu wake saba kuwaaga. Nahodha akapiga hesabu moyoni: mfalme huyu sokoni Oman ni dinari 30. Akaamuru nanga ing'olewe.

Mfalme akauzwa Oman. Akachukuliwa Basra, akajifunza kusali na kufunga, akauzwa tena, akapelekwa Baghdad. Akatoroka, akafuatana na mahujaji hadi Makka, kisha Misri. Kutoka Misri akaufuata mto Nile, akakamatwa akatoroka, akakamatwa tena akatoroka tena, mpaka akafika kwao usiku bila kujua nani anatawala. Akakuta watu wake hawakumtawaza mwingine, walikuwa wakimsubiri.

Miaka ikapita. Upepo ukakileta chombo kilekile, na nahodha yuleyule, pwani ileile. Wakapelekwa mbele ya kiti cha enzi, wakamtambua, wakainamisha vichwa wakijua wamekufa. Akawasamehe, akisema kuwa kwa sababu yao ameipata dini. Akawaruhusu wafanye biashara na waende zao salama. Ila walipomtaka awasindikize hadi chomboni, alikataa.

Niliposoma hapo barazani, watoto wote walicheka pamoja, kisha wakanyamaza. Yule binti akataka nirudie tangu mwanzo.

Najua wapo watakaosema habari ya kuuzwa mtu ni nzito kwa mtoto wa miaka tisa. Watoto wa Unguja wanapita karibu na soko la zamani la watumwa Mkunazini kila siku, na wanauliza. Hapa pana mtu aliyeuzwa ambaye hadithi haikumwacha sokoni. Ana safari ndefu kama ya Sindbad, ana akili, na mwisho ndiye anayeamua.

Wala hadithi za Kiarabu si ngeni kwetu. Kima aliyemwambia papa kuwa moyo wake ameuacha mtini, pamoja na punda wa dobi aliyemo ndani yake, vilichapishwa kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Ukifungua Kalila wa Dimna, kitabu cha hadithi za wanyama aliyoitia Ibn al-Muqaffa kwenye Kiarabu karne ya 8, utamkuta kima huyohuyo juu ya kasa, na punda asiye moyo wala masikio. Wazee wetu walimtoa kasa wakamtia papa, wakahamisha kisa kwenye maji yetu. Na Ibn al-Muqaffa mwenyewe alisema katika dibaji yake kuwa sura za wanyama zimetiwa rangi za kila namna ili nyoyo zifurahi.

Ombi langu ni hili. Wizara itoe kitabu kimoja cha picha, kwa Kiswahili, chenye safari saba za Sindbad na kisa cha Mfalme wa Zanj ndani ya jalada moja. Wachoraji watoke Unguja na Pemba, walipwe vizuri, na majina yao yakae juu ya jalada pamoja na la mwandishi. Na vitabu vya msaada vinapofika bandarini, anayekagua maneno akague na picha kabla havijapelekwa skuli. Siombi kimoja kipigwe marufuku. Naomba tu mwalimu aambiwe mapema atakachokutana nacho, ili asikae kimya kama nilivyokaa mimi.

Kitabu cha Maajabu hakikumtaja mfalme yule kwa jina. Binti wa darasa la tatu ameshaniuliza alivaa nini siku ile alipokaa kitini mbele ya nahodha. Hilo ni swali la mchoraji, Mheshimiwa, nami sijui kuchora.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Unguja